Miaka Thelathini na Moja Mbele ya Pua za Panya

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mzee Taratibu anastaafu baada ya kuitumikia nyumba ya wanyama ya kituo chetu cha utafiti kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliajiriwa kuosha vizimba. Anaondoka akiwa mtunzaji mkuu, na vizimba bado anaviosha mwenyewe kila Jumatatu kwa sababu, kwa maelezo yake, hajaona mtu anayevisuuza hadi kwenye kona.

Jina lake la utani alilipata mlangoni. Kila anayeingia kwa panya humwambia neno hilo moja, taratibu, awe msafishaji au mkurugenzi. Mgeni mmoja rasmi aliwahi kufika akiwa amejipulizia manukato, na wafanyakazi wote wa ukumbini wakajua kabla hajateremka kwenye gari. Mzee alimpokea kwa heshima zote, akamletea kiti, akakiweka nje ya mlango. "Mheshimiwa," alisema, "wenyeji wetu hawana mazoea na mtu anayenukia vizuri hivyo. Utawaona kupitia kioo." Mgeni alicheka, akaketi.

Kwa wasiofahamu kazi yetu, maelezo machache yanatosha. Panya hategemei jicho kumjua adui. Paka anapojilamba, mate yake hubaki kwenye manyoya, na harufu hiyo hushika kila alipojisugua. Panya akiipata husimama kwa miguu ya nyuma, hutikisa sharubu, kisha hulala tumbo chini na kuganda. Chakula hakigusi. Panya wetu wamezaliwa hapa. Wao, mama zao na bibi za bibi zao hawajawahi kumwona paka, lakini wanaganda vilevile. Wanafunzi wanaokuja kujifunza huuliza nani kawafundisha. Mzee huwajibu: "Mimi mwenyewe nangoja mwalimu huyo ajitokeze nimpe mkono."

Katika mwaka wake wa kumi na nane kazini, mtafiti mkuu, ambaye sote tunamwita Daktari, alikuwa anamalizia utafiti wa miaka mitatu kuhusu jambo hilo. Panya wa chumba cha kwanza waliwekewa kitambaa kilichofungwa shingoni mwa paka kwa wiki nzima. Paka huyo wa rangi ya chungwa aliishi kwenye banda lake ng'ambo ya uwanja, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ila kuzunguka akitazama kazi za wenzake, aliitwa Mkaguzi. Panya wa chumba cha pili waliwekewa kitambaa safi. Hao walitakiwa waendelee kula kama kawaida, ili tofauti ionekane. Aliyeingia chumba cha pili alikuwa Mzee peke yake.

Kuanzia Jumatano tarehe 1 Aprili, panya wa chumba cha pili nao wakaanza kuganda. Ijumaa walikula, Jumatano iliyofuata wakaganda tena. Iliendelea hivyo kwa wiki tano. Mama wa usafi alijaribu kulichukulia kwa mzaha. "Mzee, wamekuchoka hao! Uso uleule miaka yote!" Mzee alimjibu kwamba mkewe ameutazama zaidi na bado anakula.

Daktari hakuwa na hamu ya mzaha. Kama chumba cha pili kimeharibika, na hakuna ajuaye kiliharibika lini, miaka yote mitatu ilikuwa ya kutupwa. Alimwita Mzee ofisini, mlango ukiwa wazi. "Mzee wangu, panya hawasemi uongo. Wewe ndiye unayeingia na vitambaa. Umevichanganya." Mzee alisema, "Kweli hawasemi uongo, Daktari. Ndiyo maana nataka tuwaulize vizuri." Jumatatu tarehe 4 Mei alipewa barua ya kujieleza mbele ya kamati siku ya Ijumaa. Barua ilisema wazi kwamba maelezo yasiporidhisha, ajira yake itakoma.

Jumatano tarehe 6, mama wa usafi aliunguza mkono wa koti jeupe la kazi la Mzee kwa pasi. Mzee akaingia chumba cha pili akiwa na shati lake tu. Panya wakala. Mtu mwingine angeshukuru na kunyamaza. Yeye alitoka, akaazima koti jeupe la mwenzake lililofuliwa siku ileile, akaingia tena. Wote wakalala tumbo chini.

Alhamisi alilifuata koti kinyumenyume. Alianzia kwenye msumari linapotundikwa, akaenda hadi meza ya pasi, kamba ya kuanikia, mashine ya kufulia, na mwisho akafika stoo, kwenye tenga la plastiki. Alipolipindua kwenye mwanga wa mlango, aliona nywele mbili za rangi ya chungwa zimenasa kwenye ufa wa chini.

Mbele ya kamati hakueleza mengi. Aliomba makoti mawili, moja lililotoka ndani ya tenga na moja lililobebwa mkononi kutoka kwenye pasi. Daktari mwenyewe aliyatundika, moja baada ya lingine, mbele ya vizimba, na Mzee akabaki ukumbini asije akadaiwa kuwapa panya ishara. Wajumbe walichungulia kwa zamu kwenye kidirisha cha mlango. Kwa koti la kwanza chumba kilikuwa kimya kama hakina mnyama. Kwa la pili zilisikika sauti za kutafuna. Kila Jumatano tenga lilelile lilipeleka vitambaa vya Mkaguzi kufuliwa, kisha likarudisha makoti yaliyokwisha kupigwa pasi; kufikia Ijumaa harufu ilikuwa imeshafifia kwenye koti. Mwenyekiti aliuliza nani aliamua hivyo. Mzee alisema, "Zamani yalikuwa mawili. Moja lilivunjika, lililobaki likabeba mzigo wa mwenzake." Hakutaja mtu.

Aliyeamua ni karani wa stoo, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu. Alikuwamo kikaoni na hakusema neno. Jumatatu tarehe 11 alimpelekea Mzee shajara yake na kumwonyesha ukurasa: Jumanne, 31 Machi, tenga la vitambaa limevunjika mpini, tutumie moja kwa vyote. Mzee aliusoma mara mbili. "Ndugu karani, mimi nilikujua tangu Alhamisi. Stoo hii ina mwenyewe. Lakini mimi nimeshapona, Daktari bado. Mpelekee tarehe hiyo."

Alipelekewa. Daktari aliketi na ukurasa ule asubuhi nzima, akafuta wiki tano na kubakiza kazi yote iliyotangulia. Karani alipewa onyo la maandishi alilostahili. Kuhusu Mzee, Daktari alitoka hadi kwenye karo la kuoshea vizimba, mbele ya mama wa usafi na wengine, akasema, "Mzee wangu, nilikukosea. Nisamehe." Mzee alikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Alimwambia asogee kidogo, anakanyaga mpira wa maji. Ripoti ilipochapishwa, jina la mtunzaji liliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na majina ya wataalamu. Kituo kilinunua tenga jipya, na ikatungwa kanuni kwamba ahudumiaye panya asifuge paka nyumbani.

Kanuni hiyo Mzee ameishika kwa miaka kumi na minne. Binti yake wa mwisho, aliyekuwa na miaka minane, ilibidi ampe jirani paka aliyekuwa ametoka tu kupewa, na inasemekana alimnunia baba yake hadi shule zilipofungwa. Sasa ni mtu mzima mwenye kwake, na ameshatangaza zawadi ya kustaafu: paka wawili, wote wa rangi ya chungwa.

Mzee Taratibu, kituo kinakushukuru kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako kwetu. Pumzika na mkeo, ulale hadi jua likuchoshe, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Uje kutusalimu wakati wowote. Mlangoni tutakuletea kiti, nawe utawaona panya wako kupitia kioo.