Omwenga Kwanza, Mashine Baadaye

Sogeeni, wanangu. Rispa, niinulie mto. Na wewe Maxwell, iweke chini hiyo karatasi ya picha za mashine, maana leo nayataka masikio yako yote mawili. Nimechoka. Miaka thelathini ya kuchomelea pale Oyugis imenimaliza kifua, na daktari wa Homa Bay hakunificha.

Karakana ni yenu wawili. Najua mmegombana juu ya mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe huku ikipuliza gesi. Maxwell, unataka ile kubwa ya kuunga chesisi za malori. Lakini ugali wetu unatoka kwa bati jembamba, masanduku ya wanafunzi na matangi, na bati halitaki ubabe. Tafuteni inayokubali kushushwa moto hadi chini kabisa, ya waya mwembamba, inayotosheka na stima kama hii ya nyumbani. Msinunue kwa rangi. Muuzaji aiwashe mbele yenu, aunge vipande viwili vya bati, kisha mligeuze bati mtazame upande wa nyuma; mkiona tundu, au bati limejikunja, iacheni hapo hapo.

Haya niliyajua kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kosa langu nimelificha miaka tisa. Mnamkumbuka Omwenga, mshirika wangu, aliyekuwa akiwabeba mabegani. Mliambiwa aliharibu tangi la shule kule Kendu Bay, likavuja kiangazi chote, watoto wakarudi kuchota maji ziwani. Sikilizeni: mshono wa tangi lile niliuchoma mimi. Nilikuwa na haraka, nikapandisha moto kwenye ile mashine yetu ya zamani, ya kuchomelea kwa vijiti vya chuma, bati likatoboka, nikaziba matundu na kupaka rangi juu. Mwalimu mkuu alipokuja amefura, nikamwambia, "Huo ni mkono wa Omwenga." Naye Omwenga alikuwa amesimama pale pale, nyundo mkononi. Alinitazama, akasema, "Sawa, Dishon," akaiweka nyundo chini, akaenda. Yuko Isebania sasa, na kwa kazi ya bati hana mwenzake huko.

Basi kabla ya mashine, nendeni kwake, wote wawili. Mwambieni mbele ya mafundi wake kwamba baba alisema uongo. Hilo likiisha, ndipo mumwombe awachagulie mashine, maana hiyo ya MIG anaijua kuliko sisi. Akikataa, msimlaumu. Akiwafukuza, muageni kwa heshima mrudi. Nilitaka kwenda mwenyewe... kila mwaka nikasema mwaka ujao.

Rispa ndiye atakayechomelea, mkono wake umetulia. Maxwell, wewe una mdomo wa kutafuta kazi. Usimwonee dada yako wivu. Msiuze shamba la mama yenu...

Ngojeni. Nipumue.

Nyasaye, Mungu wetu, awape kazi ya mikono na usingizi wa mtu asiye na deni la neno. Awape... kupatana. Na Omwenga, mwambieni simwombi aje mazishini. Ajue tu... kwamba kosa langu nililisema, nikiwa bado hai.