Dkt. Dunstan Bartholomayo Chinguile na Jarida Lililokaguliwa na Sisimizi

Marehemu Dunstan alizaliwa Mnyambe, wilayani Newala, tarehe 3 Oktoba 1955, mwaka ambao maji yaliadimika hata watu wakilia wanameza machozi. Aliogeshwa kwa kikombe kimoja cha maji, yaliyopandishwa kutoka bonde la Ruvuma kichwani mwa bibi yake, Bibi Oliva, na maji hayohayo yakanywesha mbuzi wawili yakabaki. Anayebisha akawaulize mbuzi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili, akalelewa na bibi huyo, ambaye kwa utani wao alimwita "mume wangu" mpaka siku ya mwisho.

Alianza shule ya msingi Mnyambe mwaka 1964, akasoma sekondari Masasi, kisha kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1988 akiitwa daktari, wanakijiji walijipanga mlangoni na majipu yao. Ikabidi atoke awaambie, "Shikamooni wazee wangu. Mimi ni daktari wa vumbi." Mzee mmoja akamjibu, "Marahaba, lakini vumbi letu haliumwi."

Alikuwa amefunga ndoa na Bibiana Mnali huko Masasi tarehe 14 Juni 1986, wakajaliwa watoto wawili, Fortunatus na Oliva.

Kazi yake ilikuwa salfa, ule unga wa manjano tunaopulizia mikorosho alfajiri ili ubwiri, ule ukungu mweupe, usiue maua. Alitaka kujua: unga ukisagwa mpaka chembe isionekane hata kwa hadubini ya kawaida, utashika ua vizuri zaidi? Wasomi wa ng'ambo walikuwa wameanza kuziita chembe hizo nano. Mwaka 1996 akaanzisha jarida la kuwaandikia wenzake mambo hayo, akaliita *Chembe*. Toleo la kwanza lilikuwa nakala arobaini, zilizochapwa kwa taipureta katika chumba cha uani Newala. Makala haikuingia mpaka wahakiki wawili waisome bila kujua nani kaiandika. Ndiyo sheria ya kazi hiyo.

Hapo sasa ndipo mate yanapojaa mdomoni. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye gunia anauza, na kila mwenye ulimi anasifia. Mwaka 1999 Profesa Godwin, mhariri mwenzake, alileta makala ya salfa mpya ya mfanyabiashara mmoja: chembe ndogo kuliko zote, tena inanata kwenye ua kama gundi. Wahakiki wawili wakaipitisha. Dunstan alikuwa na kopo la salfa hiyo juu ya kabati wiki tatu nzima, wala hakulifungua. Waliosoma hawafungui kopo, wanasoma karatasi yake. Makala ikatoka ukurasa wa kwanza, barua zikaja mpaka kutoka India, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakapulizia.

Bibi Oliva, ambaye hajui a wala be, alikuja kuwasalimu akalikuta kopo, akalifungua. Akachota kidole, akanusa.

"Mume wangu, salfa gani hii isiyopigisha chafya?"

"Bibi, hiyo ni ya kisasa. Ina chembe ndogo sana."

Bibi akamwaga kijiko kizingitini. Chai haijapoa, sisimizi wamekuja wamejipanga, wanabeba.

"Ndogo kweli," akasema. "Hata sisimizi, ambao salfa wanaikimbia, hii hawaiachi. Huu ni unga wa muhogo, mwanangu. Umande ukiuloweka unanata, hata mtoto mdogo anajua. Hii si nano, huu ni uji!"

Mikorosho mwaka ule ilivaa ubwiri mweupe kama sanda. Godwin alimwambia, "Nyamaza, jarida bado changa, ukilivua nguo hadharani litakufa." Dunstan akamjibu, "Basi life likiwa limeoga." Akachapa toleo zima la kurasa nne: makala ni ya uongo, na kosa ni langu niliyeacha kufungua kopo. Akaenda na baiskeli kijiji kwa kijiji kuomba radhi, akitemewa mate, akijifuta, anaendelea.

Wasomaji walibaki kumi na mmoja. Godwin akahama, akaanzisha jarida lake nene, linalochapa chochote kinacholetwa. Linatia kichefuchefu, lakini kufungia karanga linafaa.

Ila *Chembe* halikufa. Dunstan aliongeza sheria: kila makala ya unga ije na unga wenyewe, na unga ulale kizingitini kwa Bibi Oliva. Wahakiki wawili wenye shahada, wa tatu mwenye miguu sita. Wageni walicheka, kisha wakaanza kuleta makala zao, maana jarida lililojitia aibu lenyewe halina sababu ya kumdanganya mtu. Mpaka mwaka huu lilikuwa linakwenda nchi kumi na tisa.

Mapafu yalianza kumsumbua Septemba 2003. Vumbi lilimdai daktari wake. Alilazwa Masasi mara nne. Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Julai 2005, saa moja asubuhi, mikorosho ikiwa katika maua. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa, "Toleo la kumi na tano, Mama Fortu, makopo yote yafunguliwe."

Profesa Godwin ameleta shada kubwa, na jana, kabla chai ya msiba haijaiva, alimwomba mjane mhuri wa jarida "ili kazi ya marehemu isipotee." Bibiana alimpa kiti, akampa kopo tupu, akamwambia alete kwanza unga wake. Mhuri anao Oliva, binti wa marehemu, na toleo la kumi na tano liko mtamboni.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, na bibi yake, ambaye alitarajia kuzikwa naye badala ya kumzika. Shada limewekwa kizingitini. Mpaka sasa sisimizi hawajaligusa, na ule uji wa muhogo waliubeba.

Lala, Dunstan, mume wetu. Udongo wa Mnyambe ni laini, tumeuchekecha wenyewe.