Marehemu Eustace Kobelo na Mkono wa Mwisho

Marehemu Eustace Kobelo hakuwahi kukalia kiti kabla ya kukitikisa. Asubuhi mkewe akishaweka chai mezani, marehemu alishika ukingo wa meza, akaisukuma, akaivuta, ndipo akaketi. Mlango aliuvuta baada ya kuufunga. Hata kamba ya mbuzi wa jirani aliipa mvuto mmoja akipita. Wageni walicheka na wanawe waliona haya, naye alisema tu kwamba kitu kisichotikiswa hakijulikani kama kimeshika.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1929 hapa Tegetero, kifungua mimba wa Mama Yustina, na mdogo wake ndiye Mama Rosa, huyu aliyekaa kwenye mkeka mbele. Kobelo ni jina la mjomba wake, mzee wa ukoo, aliyempa mwenyewe, na kila aliyezaliwa milimani humu anajua maana yake: mtoto anayepewa jina la mjomba anatarajiwa kurudi siku moja kukaa mahali pa mjomba.

Alianza shule ya misheni mwaka 1938 akaishia darasa la nne, baba yake alipofariki na mizigo ya ndizi ikahitaji kichwa cha kuishusha hadi sokoni Morogoro. Alizoea kusimulia kuwa mwalimu alimchapa kwa kukutwa na kipande cha chaki mfukoni. Fimbo haikusaidia kitu, maana aliishi na kipande cha chaki mfukoni hadi mwisho.

Kazi ya chuma aliianza mwaka 1947 kwenye shamba la katani upande wa Kimamba, chini ya fundi mmoja Singasinga aliyesema kidogo na kukemea sana. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Bi Veronika katika kanisa letu hili. Wazee wanakumbuka kwamba siku hiyo alianza kutikisa benchi kabla bibi harusi hajakaa, na padri akangoja. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1967 alihamia karakana moja ya umma mjini Morogoro, akapewa mashine ya kukereza vyuma iliyokuwa kubwa kuliko zote, ndefu kama nyumba ya vyumba viwili. Chuma kinachokerezwa hushikwa na kikamatio, yaani duara zito la chuma lenye taya, na duara hilo huzunguka pamoja na kilichoshikwa. Kikamatio cha taya tatu ni chepesi kutumia, kwa kuwa taya zote hubana pamoja, ila hufaa chuma cha mviringo tu. Cha taya nne kinataka subira. Kila taya hubanwa peke yake, na fundi huzungusha kwa mkono huku amesogeza chaki, ili chaki iguse upande uliozidi, naye auvute ndani kidogo kidogo. Kukifunga ni shughuli ya asubuhi nzima: ubao chini kulinda vidole, mnyororo wa kunyanyulia, kitambaa cha kufutia nyuzi za mhimili, ile mikato ya skrubu kikamatio kinapofungwa, hata chembe isibaki, kisha kukizungusha kwa mikono mpaka kikalie. Marehemu hakuruhusu mota ifanye kazi hiyo.

Tarehe 20 Agosti 1969 lilikuja ganda la pampu, umbo lake kama figo. Mwenye pampu alikuwa mlangoni, na mkuu wa karakana alisema mara mbili kwamba taifa halingoji. Marehemu alijua lile ganda linadai taya nne. Lakini cha taya tatu kilikuwa tayari kimefungwa, akakitumia hicho hicho. Mashine iliposhika kasi ganda lilichomoka, likampiga Bwana Abdallah wa mashine ya jirani kwenye goti. Bwana Abdallah anachechemea mpaka leo, na leo amepanda mlima huu kwa mguu huo huo. Alimsamehe marehemu tangu wodini, akimwambia kuwa mguu wenyewe ulikuwa mvivu tangu zamani. Marehemu hakucheka. Tabia ya kutikisa alikuwa nayo tangu ujana. Baada ya siku hiyo ikawa sheria. Kikamatio chochote, akifunge nani, mkono wa mwisho kukigusa lazima uwe wake.

Mwaka 1974 mjomba alifariki, na ukoo ukamwita. Marehemu alikwenda kwa mkuu kuaga. Mkuu hakukataa. Alimwambia mashine ile haina mtu mwingine, amfundishe mmoja, na siku atakaposema huyu anaweza, aende na baraka zote. Wawili wa kwanza walihamishiwa mikoa mingine kabla hawajaiva. Wa tatu alikuwa Mwinjuma, kijana wa Mwembesongo, mwenye maneno mengi na mikono myepesi, na huyo hakuhamishwa.

Kufika mwaka 1977 Mwinjuma alikuwa anakifunga kikamatio cha taya nne bila kuuliza. Kila mara marehemu alikuja nyuma yake, akatikisa, akaongeza mbano ambao haukuongezeka. Na kila mkuu alipouliza kama kijana anaweza, marehemu alijibu, "Bado kidogo." Mwinjuma akampa jina, Mzee Bado Kidogo, na akawa anamtania kwamba akifa kabla yake atatikisa jeneza lake kama limeshika. Toka mahali marehemu alipozoea kusimama, dirisha la karakana lilikuwa limejaa mlima mzima. Aliutazama, akarudi kwenye chuma.

Krismasi ya mwaka huo Mama Rosa alishuka na mkungu wa ndizi. Alileta na habari kwamba ukoo umechoka kungoja, umemkalisha ndugu mwingine mahali pa mjomba, na kwamba limebaki shamba la mama peke yake, analolishikilia yeye. Kisha akamuuliza, "Kaka, geti la pale kazini funguo anazo nani?"

"Mkuu."

"Mkuu anakuuliza wewe kila mwezi."

Marehemu aliuvuta mkungu pale ulipotundikwa, akaukuta umeshika.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1978. Pumzi ilikuwa fupi na miguu ikavimba. Hospitali walisema ni moyo. Alizidi kwenda kazini, na alipoambiwa apumzike alisema Mwinjuma bado. Alirudi Tegetero Agosti 1979, akapanda maharage kwenye shamba la mama yake, akayala. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Februari 1980, nyumbani kwa dada yake. Ameacha mjane, Bi Veronika, watoto wanne, wajukuu, dada yake Mama Rosa na wapwa wake wote. Mwinjuma naye ameomba ahesabiwe, na familia imekubali.

Limebaki jambo moja, ambalo Mwinjuma amelisimulia usiku wa matanga na familia imetaka lisikike.

Jumatatu tarehe 6 Agosti 1979 liliingia tena ganda la pampu, umbo lile lile. Hakuna aliyemwambia Mwinjuma la kufanya. Alishusha kikamatio cha taya tatu, akaweka ubao, akafuta nyuzi, akapandisha cha taya nne. Mwenye ganda alipoanza kunung'unika mlangoni, Mwinjuma alimwambia bila kugeuka kwamba kama ana haraka aende akanywe chai. Bwana Abdallah aliacha mashine yake, akaja kusimama. Chaki iligusa, ikagusa kidogo, ikaacha kugusa.

Marehemu alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni. Mwinjuma akapisha, kama kawaida.

"Haya, mzee. Tikisa."

Marehemu alikitazama kikamatio kwa muda. Akatoa chaki mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha kijana, akakikunja kile kiganja.

"Kimeshika," alisema.

Mikono akairudisha mgongoni. Akampita Bwana Abdallah, akamgusa bega, akaingia kwa mkuu akasema, "Mwinjuma anaweza," akatoka. Nyuma yake mashine iliwaka, nao wakangoja ageuke. Hakugeuka. Alipita getini akashika njia ya mlimani, polepole kwa ile miguu yake, na karakana haikumwona tena. Mungu amlaze kwa amani katika ardhi hii ya mama yake.