Mlimani na Nyikani: Maisha ya Wilbert Aloyce Shirima, 1957–2025

Ndugu, majirani wa Mengwe, na ninyi mliotoka Dar es Salaam na bado mna tope la njiani kwenye viatu: tuliyekuja kumsindikiza ni Wilbert Aloyce Shirima, muuza mbegu na maturubai wa Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Benedict. Katika karatasi hii Benedict atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu ana mahali pake humu ndani, na mahali penyewe si pa kujivunia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 katika kihamba hiki hiki, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, mtoto wa kwanza wa Mzee Aloyce Shirima na Mama Theopista. Familia ilikuwa na migomba huku mlimani, na shamba la mahindi kule chini nyikani, upande wa Ziwa Chala. Mwenyeji wa Rombo hahitaji kuelezwa. Unaweza kuloa chapachapa kwenye migomba, ukashuka na nguo zikakukaukia mwilini kabla hujalifikia shamba. Marehemu alikua akipanda na kushuka njia hiyo na jembe begani, na alikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini mvua inaishia pale inapoishia.

Alisoma Shule ya Msingi Mengwe kuanzia 1965 hadi 1971. Akiwa darasa la sita alikabidhiwa kipima mvua cha shule, na kila siku saa tatu asubuhi alikisoma na kuandika kwenye daftari. Agosti ile, kiangazi kikiwa kikali, Benedict, aliyekuwa darasa la tatu, alimwonea huruma kaka yake kwa kuandika sifuri kila siku, akaenda akamimina maji ndani. Wilbert alipima, akaandika: "Milimita tisa, za Benedict." Mwalimu mkuu aliwachapa wote wawili, mmoja kwa kumimina na mwenzake kwa kuandika. Alipoambiwa afute, marehemu alikataa, akasema maji yale yameshapimwa.

Januari 1976 alikwenda Dar es Salaam, akaajiriwa katika duka la maturubai na miavuli la Bwana Ghanshyam, ambaye leo yuko hapa pamoja nasi. Mwaka 1992 alifungua duka lake mwenyewe, mlango wa pili kutoka hapo. Lilikuwa na upana wa hatua nne. Marobota ya maturubai yalifika darini, magunia ya mbegu yalijaa chini, na kiti chake kilikaa katikati, kiasi kwamba akitaka kutoka ilibidi kwanza mtu asogeze gunia. Alikaa humo miaka thelathini na mitatu.

Mlangoni alitundika ubao mweusi. Kila utabiri wa masika ulipotangazwa, kabla ya Machi kuingia, aliuandika hapo kwa chaki, na ulikuwa wa huku kwetu tu. Bwana Ghanshyam alimtania siku moja, "Wilbert, na hapa Kariakoo je? Kutanyesha?" Marehemu akamjibu, "Hapa toka nje uangalie juu."

Tarehe 27 Desemba 1986 alifunga ndoa na Severa, katika parokia hii, wiki ile ya Krismasi ambayo kila Mchaga aliyeko mjini huwa amerudi nyumbani. Walijaliwa watoto watatu, Nice, Theopista na Deogratius. Alikuwa mume mpole, mwenye maneno machache, na hakuna aliyemsikia akimfokea mkewe.

Sasa tufike mwaka 2007. Utabiri wa masika ulisomwa redioni wakati duka limejaa wateja. Ulikuwa na sehemu mbili: kwamba mlimani mvua zingewahi, wiki ya pili ya Machi, na kwamba nyika iliyo chini ya mlima ingesubiri mpaka katikati ya Aprili, tena kwa mvua haba. Wilbert alisikia sehemu ya kwanza. Ya pili ilipita akiwa juu ya marobota anamtolea mteja turubai. Alishuka, akampigia simu Benedict, akamwambia, "Mvua zinawahi mwaka huu. Pandeni." Benedict akasimama baada ya misa akawatangazia watu, na kaya zaidi ya sitini zikashuka nyikani kupanda kwenye vumbi. Ilinyesha mvua moja ya kudanganya, mahindi yakaota, kisha jua likawaka wiki tano. Utabiri haukukosea hata kidogo. Aliyekosea ni marehemu, kwa kusikia nusu, na Benedict, kwa kutouliza nusu ya pili.

Septemba mwaka huo Mzee Aloyce alifariki kwa uzee, na marehemu akaja kuzika. Alipokuwa anashuka kwenye gari hapo getini, shada la maua mkononi, mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya, mwenye mvua zake amefika." Watu wakacheka, msibani. Mtu huyo alikuwa Benedict. Alikuwa na uchungu wa baba na uchungu wa shamba, lakini hilo halimwondolei kosa. Marehemu alimzika baba yake, akawapa watu mkono mmoja mmoja, akarudi Dar jioni ile ile. Hakukanyaga tena hapa mpaka jana.

Aliporudi dukani aliugawa ubao kwa mstari wa katikati, akaandika MLIMANI upande mmoja na NYIKANI upande wa pili. Tangu hapo hakumpa mteja wa kutoka huku mbegu yoyote mpaka mteja asome kwa sauti upande wa nyikani, hata kama shamba lake liko mlimani. Wapo waliomwona ana kichaa kidogo. Waliendelea kununua kwake.

Desemba ya Kariakoo mnaijua. Wachaga wanafunga maduka, mtaa unabaki makufuli. Kila mwaka marehemu alikata tiketi yake pamoja na za familia, na begi lake lilikaa tayari chini ya kaunta. Asubuhi ya safari Severa alimwambia, "Baba Nice, basi linaondoka saa kumi na mbili." Naye alijibu, "Tangulieni. Nitakuja na la kesho." La kesho liliondoka bila yeye, miaka kumi na saba mfululizo. Mwaka 2015 alifika mpaka stendi ya Ubungo, akaketi kwenye kiti chake, basi likawashwa, akashuka, akarudi Kariakoo na bajaji. Severa alikuwa akisema, kwa utani usiochekesha, "Nimeolewa na Mrombo asiyefika Rombo."

Krismasi zote hizo alikula Upanga, nyumbani kwa Bwana Ghanshyam na Bi Daksha. Mwaka mmoja Bwana Ghanshyam alimwambia, "Nenda nyumbani, Wilbert. Mlango si uko wazi?" Marehemu akasema, "Huku uko wazi. Kule sijui." Kisha akaomba aongezewe dengu.

Jambo linalofuata wengi wenu hamlijui. Kuanzia mwaka 2013, Nice alikuwa anaupiga picha ubao wa baba yake na kumtumia baba yake mdogo. Benedict aliunakili kwenye karatasi, pande zote mbili, akausoma kanisani wakati wa matangazo. Hakusema umetoka kwa nani. Miaka kumi na mitatu mmepanda kwa ubao wa Wilbert mkidhani ni maarifa ya Benedict, naye akapokea shukrani zenu, na mikungu ya ndizi, na mara moja jogoo. Alimkataza Nice kumwambia baba yake. Alisema atamwambia mwenyewe, uso kwa uso, Krismasi akija. Krismasi hakuja, na kupiga simu Benedict aliona aibu, kwa hiyo kila mmoja alibaki kwake akimsubiri mwenzake.

Marehemu alianza kuugua Novemba 2024. Figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hospitalini Upanga. Tarehe 24 Februari mwaka huu, akiwa kitandani, alimwamuru Nice aandike ubaoni: mlimani, wiki ya pili ya Machi; nyikani, msipande kabla ya wiki ya kwanza ya Aprili. Tarehe 10 Machi alilazwa.

Benedict alifika hospitalini tarehe 25 Machi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nyikani mmeshapanda?"

"Bado. Tunasubiri Aprili."

"Nani kawaambia Aprili?"

"Wewe. Ubao wako ninausoma kanisani tangu 2013. Watu wote wanapanda kwa maneno yako."

Marehemu aligeuza kichwa akamtazama. Kisha akasema, "Ungeniambia, Benedict."

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Benedict aliomba msamaha kwa maneno ya getini na kwa miaka yote ya kunyamaza. Marehemu alimshika mkono, akauliza kama watu husomewa na upande wa pili. Benedict akamwambia kwamba huo ndio husomwa kwanza. Siku iliyofuata, Benedict alipoaga ili aje kuwapa taarifa ninyi wa nyumbani, marehemu alitabasamu akamwambia, "Tangulia, mdogo wangu. Nitakuja na la kesho."

Alifariki Alhamisi, tarehe 27 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, Severa, watoto watatu, Nice, Theopista na Deogratius, wajukuu watano, mdogo wake, Benedict, na rafiki zake, Bwana Ghanshyam na Bi Daksha.

Juzi Jumatatu wafiwa waliondoka Dar na mabasi mawili, gari lililobeba jeneza la marehemu likifuata nyuma. Mabasi yalifika jioni. Gari lake lilikuta maji yamekata barabara kule tambarare, baada ya Same, mahali pakavu ambapo watu huombea mvua, likalazimika kulala njiani. Lilifika hapa jana, saa tano asubuhi. Severa alikuwa amesimama getini, pale pale alipochekwa mwaka 2007. Alisema, "Baba Nice, umekuja na la kesho."

Nanyi wenye mashamba nyikani, tukishamaliza hapa shukeni mkapande. Leo ni tarehe 2 Aprili, na udongo umeloa. Aliyewaambia msubiri ni huyu.

Kaka, mlango ulikuwa wazi na huku. Pumzika kwa amani, nyumbani kwenu.