Kibanio cha Sikioni

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za asubuhi. Nikikwama mnivumilie, wagonjwa wenzangu, sijazoea kusema mbele za watu.

Mimi ni mkulima wa mahindi, nimetoka Kabuku. Mume wangu alifariki, binti zangu wakaolewa mbali. Ndipo moyo ukaanza kunienda mbio hata nikiwa nimekaa tu. Unapiga, unaruka, unapiga tena. Siku moja nikaanguka gengeni nikinunua nyanya, mbele za watu. Wengine wakasema nina mashetani. Nikaona aibu, nikajifungia. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nasikia watu wakicheka barabarani, mimi niko ndani nasikiliza kifua changu.

Dawa za hospitali zilinisaidia kidogo. Kisha daktari akanieleza jambo geni.

"Mama, kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni. Tawi lake moja liko sikioni. Tunabana kibanio hapa, tunapitisha umeme mdogo sana. Bado tunachunguza kama unatuliza moyo."

"Umeme? Sikioni?"

"Utahisi kama sisimizi wanatembea. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vilevile. Ukikubali, dawa huachi, na uje na mtu wa kukusindikiza."

Hapo nililia. Siyo kwa kuogopa umeme, jamani. Sikuwa na mtu.

Niliporudi nikasimama mlangoni kwa jirani yangu, mama wa Kishambaa ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa mbali tu. Nusura nigeuke. Nikabisha hodi, nikamweleza yote.

Akanitazama. "Kumbe unaumwa? Mimi nilidhani hututaki! Kesho tunaondoka wote."

Akawa ananisindikiza kila nilipoitwa. Kibanio sikioni, sisimizi wanatembea, yeye ananisimulia habari za mbuzi wake. Taratibu mapigo yakatulia. Daktari alisema wazi hajui ni kibanio, ni dawa, au ni vyote. Mimi najua tu kwamba sasa napalilia shamba langu mwenyewe.

Sitawadanganya: jioni nyumba bado iko kimya, na moyo siku nyingine huruka. Lakini nawashukuru wauguzi, namshukuru daktari aliyeniambia ukweli, na yule mama aliyekaa pale nyuma, ambaye hataki nimtaje.

Wewe unayeumwa peke yako, kabishe hodi kwa mtu. Muda wote ule nilidhani majirani wamenitenga, kumbe nao walidhani mimi ndiye niliyewatenga.