Tundu la Nne Juu ya Paa

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Milimita, jina alilolipata gereji na kulipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, mtoto wa tatu kati ya saba, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, ambapo, tuseme ukweli, alifaulu hesabu tu, na mwaka 1974 akaanza kazi katika gereji iliyo nyuma ya stendi, akitoboa bodi za magari ili kufunga eriali, keria, taa na vioo vya pembeni. Hakuwa na papara: alibandika tepu ili rangi isichubuke, akapima mara tatu, akatoboa kwa keekee ndogo kisha kubwa, akapiga tupa kingo, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaweka raba, na mteja aliyeguna alielekezwa kwa watoboa madebe.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa akarithi keekee ya baba, na kitinda mimba akazaliwa Jumanne tarehe 9 Juni 1998, siku ambayo marehemu alikuwa akifunga taa juu ya paa la gari la wagonjwa. Simu kutoka wodi ya wazazi ilimkuta kwenye tundu la nne, akakaza bolti bila rangi wala raba, akakimbia, na aliporudi gari lilikuwa limeshachukuliwa. Alilifuatilia, mara liko safarini, mara dereva hana nafasi, mwishowe akanyamaza, lakini kila mvua iliponyesha alikosa raha, nasi tukamcheka, Mungu atusamehe.

Alianza kuugua mapafu mwaka 2017, akaacha kazi, na tarehe 3 Novemba 2019, mchana wa jua kali, alizidiwa, likaja gari lile lile, na njiani matone ya maji yakawa yanamdondokea kwenye paji la uso, shemeji akafuta, yakarudi, akapapasa dari, akaikuta kavu. Marehemu alitazama juu akasema ni lile tundu lake, na tangu hapo hakuulizia dawa, aliulizia kama limezibwa, akimsihi binti yake asimwache aende kabla halijazibwa. Binti alikwenda mara mbili, gari halikuwepo, na Jumapili tarehe 17 Novemba, saa nne asubuhi, baba yake akafariki.

Leo asubuhi nilimwosha mimi mwenyewe, na chini ya ukucha wa kidole gumba cha kulia nilikuta rangi nyekundu, nikaisugua kwa petroli, ikagoma, wala sikuelewa, maana alikuwa hajashika kazi kwa miaka miwili. Gari lililomleta hapa ni lile lile. Binti alipanda na raba mfukoni, akafungua taa, akakuta tundu la nne limepigwa tupa, lina raba mpya, na rangi mbichi ikamshika kidoleni, ilhali dereva anaapa kwamba hakuna aliyepanda juu ya paa hilo. Niliogopa, sifichi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti, mafundi wenzake mliofunga gereji, na dereva, ambaye tunamwomba aendeshe polepole kwenda makaburini, maana rangi haijakauka.

Kaka, limezibwa. Pumzika kwa amani.