Kiatu Kilichojaribiwa Hadi Kona

Benchi letu liko mbele ya duka la simu: mimi na jiko langu la kahawa upande huu, Fundi Viatu na kisanduku chake upande ule. Fundi ana ugonjwa wa sukari, siku nyingi sasa. Mtaani anasifiwa kwa jambo moja: kiatu cha mwanamume akishakigongea misumari, hukivaa mwenyewe akaenda nacho hadi kona na kurudi, ili msumari uliotokeza umchome yeye kabla ya mwenye kiatu. Asubuhi hiyo alikuja na jambo zito aliloambiwa hospitali jana yake mchana, na hawa wenzangu wa benchini, nawapenda lakini wananichosha, hawakumpa hata nafasi ya kupuliza kahawa yake.

— Daktari anasema mishipa ya fahamu imebanwa hapa kwenye kifundo cha mguu, Fundi alisema. Wanaweza kupasua waipe nafasi. Ila kwanza wapime kama damu inafika vidoleni. Na hakuniahidi kwamba nitapona. Kesho nimpelekee jibu.

— Kubali, akasema Bomba, fundi wetu wa maji. Bomba likibanwa unalegeza nati, habari imekwisha.

— Mguu una nati wapi wewe? akadakia Kinyozi. Hiyo damu imelala tu, kaka, kwa kukaa kutwa. Lala chali, miguu ukutani, itateremka yenyewe.

— Ikijaa kichwani je? akauliza Bomba.

— Namnyoa, ipate upepo.

Tulicheka. Fundi hakucheka.

— Mwenzenu naogopa kisu, alisema. Halafu zamani miguu ilikuwa inawaka moto usiku kucha, mke wangu halali. Sasa imetulia. Nafikiri nimwambie daktari basi, yameisha.

— Hapo umenena, Bomba akageuza maneno papo hapo. Mguu usiouma una ugonjwa gani?

Nilikuwa najaza kikombe, mara mama mmoja akafika, kiatu cheusi mkononi.

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba, mama. Kimebana?

— Hapana. Baba watoto amekivaa leo, hakufika hata getini, karudi anachechemea. Hiki hukukijaribu?

Fundi aliingiza kidole ndani ya kiatu. Kidole kilitoka na tone la damu.

— Nilikijaribu, alisema polepole. Jana jioni. Nilikwenda nacho hadi kona.

— Sasa ilikuwaje usiusikie huo msumari?

 

Fundi akavua kiatu chake mwenyewe. Soksi, ile ile ya jana, ilikuwa imegandia kisiginoni, na doa la damu lilikuwa limekauka. Aliishika ncha akaiachia.

— Nivulie wewe, ndugu yangu, aliniambia. Mimi siwezi kutazama.

Niliiacha ilivyo, asije akachunika zaidi. Nikafunika jiko, kahawa ingali nusu birika, nikampa bega langu.

— Twende hospitali. Kesho ni mbali.